Jina Lililochorwa Juu ya Mtutu

Bunduki ilitufikia ikiwa imezungushiwa gunia la katani na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Askari aliyeileta alikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilieleza kwamba silaha ilisalimishwa kwa hiari na familia moja ya Muheza wakati wa msamaha, imekaguliwa, na haiwezi tena kufyatua. Ya pili ilikuwa ya kutukabidhi sisi wa makumbusho. Nikatia sahihi, nikaandika namba kwenye rejista, nikaibeba hadi chumba cha nyuma kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe.

Ilikuwa bunduki ya marisawa, yaani ya risasi za vigoroli vidogo, ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na vinyundo viwili vya nje vilivyojikunja kama masikio ya mbuzi. Sijawahi kuwa mwindaji. Kazi yangu ni kutunza vitu vya kale, na mpaka siku ile silaha nilizozoea zilikuwa magobori, majambia na mapanga. Kwa hiyo niliishika bunduki hii bila ujuzi wowote zaidi ya heshima ya kazi, na heshima peke yake haitoshi, kama nitakavyoeleza.

Upande wa kushoto, bati linalofunika mitambo lilikuwa jeupe, linang'aa. Kuna mtu aliyeipitia na msasa kabla haijafika kwetu, bila shaka kwa nia njema, akitaka ipendeze. Nakshi zote za upande ule zimekwenda, na maandishi yaliyokuwepo yamekwenda nazo. Upande wa kulia ulibaki na kutu yake ya kahawia, na kutu ile ndiyo iliyotuokoa. Nilisubiri usiku, nikazima taa ya chumba, nikalaza tochi ya simu karibu kabisa na bati ili mwanga upite juu yake kwa ulalo, kama jua la saa kumi na mbili linavyopita juu ya mchanga na kuonyesha kila unyayo wa kaa. Herufi zikajitokeza moja moja: ARMY & NAVY C.S.L.

Nilifurahi kupita kiasi. Kesho yake nikaandika kibandiko: "Bunduki ya jeshi la nchi kavu na la majini la Waingereza." Kikakaa pale miezi sita. Wanafunzi wa shule wakakinakili kwenye madaftari yao, na hilo linaniuma hadi leo.

Aliyenizindua ni mzee mmoja, askari mstaafu, aliyemleta mjukuu wake siku ya Jumamosi. Alisimama mbele ya kabati muda mrefu, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii bunduki nani kakwambia ni ya jeshi?"

Nikamwonyesha jina. Akatikisa kichwa polepole.

"Jeshi halinunui bunduki ya kupigia kanga. Na bunduki ya serikali ya Mwingereza ina alama ya mshale mpana, kama unyayo wa ndege. Umeuona mshale hapo?"

Sikuuona, kwa sababu haukuwepo. Nilitafuta tena jioni ile, kipande kwa kipande, kuanzia kitako mpaka mdomo wa mtutu. Hakuna mshale, hakuna herufi za malkia wala mfalme. Nikakitoa kibandiko, nikaanza upya, na safari hii nikaanza na lile swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: hizi herufi tatu, C.S.L., ni nini?

Ni Co-operative Society Limited. Yaani ushirika.

Neno hilo lilinipata mahali pake. Mtu aliyekulia Tanzania hahitaji kuelezwa ushirika ni nini. Wengine tumesomeshwa kwa kahawa iliyopitia KNCU, ushirika wa Kilimanjaro uliosajiliwa 1933. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba wakubwa wa jeshi la Uingereza nao waliwahi kukaa wakalalamikia bei za madukani. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1871 maafisa kadhaa wa jeshi na wanamaji walikubaliana kununua bidhaa kwa jumla ili wazipate kwa bei nafuu, na wanaosimulia chanzo chake husema yote yalianza na mvinyo: badala ya kila mmoja kununua chupa moja moja, wanunue makasha. Duka lao likakua katika mtaa wa Victoria Street, Westminster, mjini London, likauza karibu kila kitu kinachoweza kuwekwa bei: mahema, chai, viti vya kukunja, dawa, saa, matandiko ya farasi, na bunduki. Halikuwa duka la kila mpita njia. Ulipaswa kuwa mwanachama, na uanachama ulikuwa wa maafisa, jamaa zao na watu wa daraja lao. Mpaka 1918 ndipo milango ilipofunguliwa kwa umma. Mwaka 1934 jina rasmi likabadilishwa, ushirika ukaondoka kwenye jina, ikabaki Army & Navy Stores.

Angalia jinsi herufi tatu zinavyofanya kazi. Kwa sababu bati linasema C.S.L., nilijua bunduki imeuzwa kabla ya 1934. Na kama ni kabla ya 1918, basi mnunuzi wa kwanza hakuwa mtu wa kawaida aliyeingia dukani na fedha yake mkononi. Duka lilimjua, lilikuwa na namba yake ya uanachama. Nakshi ya muuzaji ilikuwa imeniambia habari za mnunuzi.

Hapa nisimame kidogo, maana hili ndilo jambo ambalo watu wengi wanalikosea, nami nililikosea. Jina lililo juu ya bunduki ya zamani ya Kiingereza mara nyingi si la aliyeitengeneza. Ni la aliyeiuza. Army & Navy hawakuwa na karakana ya kufua mitutu; waliagiza kwa mafundi, na jina lao likachorwa kabla bunduki haijatoka. Maduka madogo ya miji ya mikoani, hata ya wauza misumari na bawaba, yalifanya vivyo hivyo. Bastola nyingi zenye jina la Army & Navy zilitoka kwa Webley wa Birmingham, na ukizichunguza utakuta alama yao ya risasi yenye mabawa imekaa kimya pembeni. Kwa hiyo ukiona jina la duka la Bombay au la Nairobi, usidhani kulikuwa na tanuri nyuma ya duka.

Fundi hujulikana kwa kuangalia chini, mahali ambapo mteja haangalii. Nilifungua bunduki, nikaitenganisha mitutu na kitako, nikaipindua. Kwenye sehemu bapa ya mitutu, ile inayolalia chuma cha mitambo ikifungwa, palikuwa na mihuri midogo, kila mmoja hauzidi punje ya mchele. Nilizipaka unga laini wa chaki kwa kidole, nikaupangusa, unga ukabaki ndani ya mistari. Taji. Chini ya taji, fimbo mbili za kifalme zilizopishana, na herufi B, P na C katika nafasi zake. Pembeni yake taji na fimbo nyingine, zenye herufi V. Halafu namba 13. Halafu umbo la almasi, ndani yake 12 na chini ya 12 herufi C.

Mihuri hii si ya urembo. Uingereza ilikuwa, na bado ni, kosa kuuza bunduki ambayo mtutu wake haujajaribiwa kwa baruti nyingi kuliko ile itakayotumika kila siku. Mtutu ukipasuka, upasukie kwenye nyumba ya majaribio, usipasukie shavuni mwa mnunuzi. London kazi hiyo ilifanywa na chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati na mfalme Charles I mwaka 1637; Birmingham walipata nyumba yao ya majaribio kwa sheria ya bunge ya 1813. Taji na fimbo zilizopishana zenye BPC ni za Birmingham. Zilitumika hivyo mpaka 1904, kisha mihuri ikabadilishwa ikawa taji na herufi mbili mbili. Lile umbo la almasi lenye namba na C, linaloonyesha ukubwa wa chemba ya risasi, lilianza na kanuni za 1887. Ukiona vyote viwili kwenye mtutu mmoja, umeshaifungia bunduki ndani ya miaka 17: si kabla ya 1887, si baada ya 1904.

Na zile namba 12 na 13? Chukua ratili moja ya madini ya risasi, uigawe goroli 12 zilizo sawa. Goroli moja ndiyo upana wa mtutu wa namba 12. Ukigawa 13, goroli inakuwa ndogo kidogo, na mtutu mwembamba kidogo. Ndiyo maana namba ikipanda, tundu linapungua, jambo lililonichanganya siku mbili nzima. Chemba ilikuwa ya risasi namba 12, na mtutu wenyewe, mbele ya chemba, ulipimwa 13.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo picha haiwezi kulionyesha vizuri. Nilipoipangusa mitutu kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo, chuma kikaonyesha michirizi, mistari ya kahawia na ya fedha inayozunguka na kusokotana kama ukili wa mkeka. Niliita wenzangu wote waje kuangalia. Ni mitutu ya damaski: vipande vyembamba vya chuma laini na vya pua, yaani chuma kigumu, husokotwa pamoja, huzungushwa kwenye fimbo kama mama anavyozungusha ukili, kisha huchomwa na kugongwa mpaka vishikane kuwa bomba. Ni kazi ya mikono inayostaajabisha. Vilevile ni sababu ya kutoiruhusu bunduki ya namna hii kuwekewa risasi za leo, maana baruti za siku hizi zina msukumo ambao mitutu hiyo haikuumbwa kwa ajili yake. Hata kama yetu isingezimwa na polisi, ningesema hivyo hivyo.

Basi nikawa na fundi wa Birmingham, duka la London, na miaka 17. Ningetulia hapo ningekuwa salama. Lakini nilikuwa nimeonja utamu, nikaanza kujitungia.

Nilisoma kwamba Army & Navy walifungua tawi Bombay mwaka 1891. Kichwani mwangu taa ikawaka. Oktoba 1914 meli zilizobeba kikosi cha Waingereza na Wahindi, kama watu 8,000, ziliondoka Bombay kuja Tanga. Vita vya Tanga vya Novemba mwaka ule hapa kwetu havihitaji utangulizi. Kila mtoto ameambiwa habari za nyuki waliowavamia askari vitani. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akiwa na watu wasiozidi elfu moja na ushei aliwarudisha majini, wakaacha ufukweni bunduki mamia, rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Nikajiambia: afisa alinunua bunduki yake Bombay, akaja nayo Tanga akidhani vita vitakwisha kabla ya Krismasi apate kuwinda kanga, akaiacha hapa. Hadithi ilikaa sawasawa kama kifuniko na chungu chake. Nikaandika kibandiko cha pili, nikatanguliza neno "yaelekea" nikidhani neno hilo linanikinga.

Halinikingi. Msomaji wa kibandiko huliruka "yaelekea". Anabeba Tanga na nyuki anakwenda navyo nyumbani.

Wakati huohuo nilikuwa nimeandika barua pepe Glasgow, Scotland. House of Fraser, kampuni nyingine ya maduka, waliinunua Army & Navy mwaka 1973, na nyaraka za zamani za duka zikaishia kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha Glasgow, pamoja na vitabu vya silaha walizouza. Vitabu hivyo hufuata namba. Nawashauri wanaotaka kuandika barua ya namna hii: usiwatumie hadithi ya familia kwanza, watumie namba. Namba yetu ilikuwa imechorwa kwenye chuma kinachokinga kifyatulio, na ileile ikarudiwa kwenye mitutu na kwenye kipande cha mti cha mbele. Namba zikilingana pote, ujue bunduki haijaunganishwa kutoka bunduki mbili. Nilipiga picha ya kila namba, ya kila muhuri, na ya jina, rula ikiwa pembeni, nikaeleza kwa sentensi tatu ninachotafuta.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Yalikuwa mafupi. Bunduki yenye namba ile iliuzwa London, mwaka 1894, kwa afisa mmoja ambaye jina na cheo chake waliviandika. London, wala si Bombay.

Nilikaa na karatasi ile mkononi nikihisi kama nimenyang'anywa kitu, ilhali hakikuwahi kuwa changu. Nikamtafuta yule afisa kwenye London Gazette, gazeti la serikali ya Uingereza ambalo matoleo yake ya zamani yanasomwa mtandaoni bila malipo. Humo kila afisa anayepandishwa cheo au kustaafu hutangazwa. Alistaafu miaka mingi kabla ya 1914. Hakuwemo kwenye meli za Tanga. Nikakitoa kibandiko cha pili, na nilikitoa mwenyewe, mbele ya wenzangu, kwa sababu nao walikuwa wameanza kuisimulia hadithi ile kwa wageni.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Barua ya polisi ilitaja familia ya Muheza. Muheza ni mwendo wa saa moja tu. Nilikuwa nimeandika hadi Scotland kabla sijapanda daladala.

Nilipokewa na binti wa marehemu, mama wa miaka sabini na kitu, naye akanikalisha kwenye mkeka barazani, akaniletea chai ya mchaichai. Nilipomwonyesha picha ya bunduki kwenye simu alicheka, akafunika mdomo kwa ukaya.

"Hii ilikuwa darini. Tulikatazwa hata kuitaja."

Baba yake aliingia shambani kwa Mwingereza akiwa kijana, shamba la mkonge. Mkonge huo, kwa asiyejua, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na baada ya vita ya kwanza mashamba ya Wajerumani yalinyang'anywa kama mali ya adui na kupigwa mnada. Waingereza, Wagiriki na Wahindi wakayanunua. Bwana wa shamba lile alikuja na bunduki yake, na mama huyu alisikia baba yake akisema ilikuwa tayari kuukuu siku ya kwanza alipopewa kuibeba. Mwingereza alitembea mbele mikono mitupu. Baba yake nyuma, bunduki begani, marisawa mfukoni. Nguruwe walipokuwa wakiharibu mihogo ya wafanyakazi, waliitwa. Bwana alipozeeka macho, aliyekuwa akilenga ni baba. Uhuru ulipokaribia bwana akauza na kuondoka, akamwachia bunduki na karatasi zake za kibali. Karatasi zililiwa na mchwa, bunduki ikapanda darini.

Nilimuuliza anavyotaka baba yake aandikwe. Nilikuwa nimetayarisha neno "mbeba bunduki".

"Andika mwindaji," akasema. "Kubeba alibeba miaka michache. Kuwinda aliwinda maisha."

Nikaandika kama alivyosema. Kibandiko cha tatu kina mistari sita. Kinataja mafundi wa Birmingham, majaribio kati ya 1887 na 1904, ushirika wa maafisa wa Victoria Street na mwaka 1894. Kisha kinamtaja mwindaji wa Muheza kwa jina lake kamili na la baba yake, jinsi bintiye alivyolitamka na kuniandikisha herufi kwa herufi. Kwenye rejista niliongeza ukurasa mzima wa maneno yake, pamoja na tarehe na mahali aliponiambia, kwa sababu daftari la Glasgow linaishia pale fedha ilipopokelewa dukani, na kutoka pale mpaka dari ya Muheza hakuna karani aliyeandika lolote.

Alikuja kuiona mwezi uliofuata, pamoja na wajukuu wawili. Nilifungua kabati nikamvisha glavu. Hakuangalia jina juu ya bati, wala michirizi ya damaski niliyokuwa nikijivunia kuionyesha. Aliigeuza, akatafuta upande wa kulia wa shingo ya kitako, mahali ambapo miraba ya nakshi kwenye mti imelika ikawa laini kama sabuni. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye fomu ya ukaguzi: "uchakavu, sm 4."

"Hapa," akawaambia wajukuu, akalaza kidole gumba chake pale. Kikakaa.